Hima ya Jozani na haki ya mkulima

Msitu wa Jozani, Unguja, pamoja na Ghuba ya Chwaka, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Humo huishi kima punju, ambaye asili yake ni Zanzibar peke yake. Pasipo hifadhi, twaamini shoka lingekwisha kummaliza. Lakini kima hajui mpaka, hutoka akala mazao ya watu. Sayyidna Umar (RA) alipohifadhi malisho, yaani hima, alimwamuru msimamizi awaruhusu wenye mifugo michache kabla ya matajiri. Viingilio vya watalii hufika vijijini kwa sehemu. Sisi twaona atangulizwe mkulima aliyeliwa mazao, kwani huyo ndiye anayewalisha kima hao kwa jasho lake.