Mwanao Yuko Chuoni, Hana Marafiki?



Mara nyingi tunapozungumza habari za usonji tunawaza watoto wadogo: mbona hasemi, mbona hanitazami usoni. Leo ni zamu ya wale waliokua, wakafaulu mitihani, wakaenda chuo. Mama mmoja ameniandikia kwamba kijana wake yuko mwaka wa pili, masomo anayaweza, ila rafiki hana. Akirudi likizo hujifungia chumbani. Mashangazi wanasema ana kiburi, na wengine wameanza kutaja mapepo.

Mama, usonji si kiburi wala si pepo, tena hautokani na malezi mabaya. Ni jinsi ubongo ulivyojengeka tangu mwanzo, na barua ya kuingia chuo haiuondoi. Nyumbani wewe ndiwe uliyempangia saa ya kula na kuwaeleza wageni tabia yake. Bwenini kuna kelele usiku kucha, msukumano kwenye foleni ya chakula, na mizaha ambayo maneno yake hayamaanishi yanachosema. Wengi wao, hasa wasichana, hujifunza kuwaiga wenzao: kucheka wengine wanapocheka, kumtazama mtu machoni hata kama kunawatesa. Kazi hiyo huchosha kuliko masomo. Basi akijifungia juma la kwanza la likizo, mwache apumzike. Bwana wetu mwenyewe alijitenga na makutano akapanda mlimani. Mashangazi watasubiri.

Yuko mama mmoja wa Marekani, Temple Grandin, aliyezaliwa mwaka 1947 akiwa na usonji. Alianza kusema akiwa na miaka mitatu na nusu. Shuleni wenzake walimtania kwa kumwita kinasa sauti, kwa kuwa alirudia maneno yale yale. Marafiki aliwapata wapi? Kwenye kupanda farasi na kuunda roketi ndogo za kurusha, maana huko watu walitazama kazi ya mikono yake kuliko maongezi yake. Alipokuwa Chuo cha Franklin Pierce alitumia mashine aliyoibuni mwenyewe, ya kumbana mwili taratibu ili woga utulie, kwa mfano wa kile wanamobanwa ng'ombe wakati wa chanjo. Wataalamu waliitilia shaka, wakataka aiache. Hakuiacha. Alihitimu mwaka 1970, na mwaka 1989 akapata udaktari wa sayansi ya wanyama.

Kwa hiyo usimwulize mwanao ana marafiki wangapi. Mwulize anapenda nini, na ni nani mwingine anakipenda. Kwaya inafaa sana: kila mtu ana mahali pa kusimama, saa ya kuanza inajulikana, na hakuna anayelazimika kubuni maongezi. Rafiki mmoja anatosha. Wala usihofu akichagua mwenzake mwenye usonji. Mwaka 2020 watafiti wa Edinburgh walieleza jinsi walivyopitisha hadithi kutoka mtu hadi mtu. Wenye usonji wakiwa peke yao walipashana vizuri sawa na wasio nao. Hadithi ilipotea zaidi pale walipochanganywa. Kumbe kutoelewana kunatoka pande zote mbili.

Kinachonitia hofu kuliko upweke ni wale wanaomwendea kwa hila. Akiambiwa "nitakurudishia kesho", yeye anaamini ni kesho. Binti akiitwa chumbani kutazama kitabu, anakwenda kutazama kitabu. Usimwambie "jihadhari na wavulana" ukadhani umemaliza. Sema wazi, bila mafumbo, hata kama unaona haya: fedha ya ada na ya chakula haikopeshwi, chumbani kwa mvulana usiende peke yako, mtu akikuambia "usimwambie mama", nipigie simu siku hiyo hiyo.

Na wewe ambaye mwanao hana usonji, huenda analala chumba kimoja na mwenye nao. Zungumza naye pia. Asikasirike asiposalimiwa asubuhi. Wageni wakitarajiwa, amwarifu mwenzake mapema. Akimwalika, ataje saa na mahali: "Jumamosi saa nane tunakwenda kutazama mpira, saa kumi na moja tutarudi." Kumwambia "siku moja tutatoka" ni sawa na kutomwambia kitu. Akikataa, amwalike tena juma linalofuata.