Kwani Berlin Kuna Nini?

Ikifika Oktoba, vijana wenye kamera hapa pwani ya kusini wanashikwa na homa moja: kutuma filamu Berlin. Ikigonga ukuta, Cannes. Ikigonga tena, tamasha lolote lenye jina la Kizungu na ada ya dola. Wakikataliwa wanalaumu kamera. Swali la kwanza haliulizwi: hii filamu inaongea na nani?

Rafiki yangu hapa Munje ana filamu ya dakika kumi na nane kuhusu wavuvi wanne na mashua moja ya mkopo. Kiswahili na Kidigo mwanzo mwisho, na utani ambao ukiwa si mtu wa bahari unakupita. Ada za kutuma zimeshamla zaidi ya shilingi elfu thelathini, pesa ya kurekodi harusi za watu. Juu ya hapo, mshauri mmoja wa mjini amemwambia aweke msimulizi wa Kiingereza "ili dunia ielewe". Dunia ipi? Wavuvi wenyewe walioigiza hawajaiona, maana ameambiwa ikionyeshwa nyumbani itaharibika, wakubwa wanataka filamu ambayo haijaonwa popote. Sharti hilo lipo, sikatai, lakini ni la matamasha machache makubwa. Kuwafungia kijiji kizima filamu yao kwa ajili ya mlango ambao huenda usifunguke, hiyo ni biashara ya aina gani?

Sasa tuwaangalie Wajerumani wenyewe, maana Diani tunawajua kwa kuungua jua tu. Kila Januari, Saarbrücken, mji usio mkubwa karibu na mpaka wa Ufaransa, kuna tamasha la Max Ophüls Preis. Ni la chipukizi wa filamu za Kijerumani, watoke Ujerumani, Austria au Uswisi. Kijana wa Vienna haoni aibu kuanzia hapo. Anataka kwanza ukumbi unaocheka kabla ya manukuu. Na hukohuko Berlin, katika sehemu ya watoto, filamu za kigeni husomewa Kijerumani palepale ukumbini ili mtoto asiyewahi kusoma manukuu asiachwe nyuma. Supa Modo ya Likarion Wainaina ilionyeshwa katika programu hiyo ya watoto na vijana mwaka 2018. Watu wanaolinda masikio ya watoto wao namna hiyo, wewe unawapelekea filamu uliyoikata ulimi mwenyewe!

Najua mtanirushia Vuta N'Kuvute. Rusheni. Amil Shivji aliichukua riwaya ya Adam Shafi, akaacha Kiswahili kikae Kiswahili, akafika Toronto 2021. Halafu tuzo kubwa, Tanit ya Dhahabu, akaipata Carthage, Tunisia, mwaka uliofuata. Nairobi Half Life ilipita Durban 2012, na Joseph Wairimu akatoka na tuzo ya mwigizaji bora. Shimoni ya Angela Wamai (si Shimoni yetu ya mapango, msichanganye) ilitoka FESPACO 2023 na Farasi wa Shaba. Afrika hii hii ambayo kwenye orodha zenu inakuja mwisho, kama chenji.

Na ZIFF? Iko Zanzibar tangu 1998, na Ngome Kongwe inajulikana kuliko kumbi nyingi mnazolilia. Kutoka Munje unapitia Lungalunga, Tanga, Dar, unapanda boti. Nauli ya kwenda na kurudi haifiki alichokula rafiki yangu kwa ada. Ila ZIFF ni ya nchi zote za majahazi, si ya Kiswahili peke yake, na haiwezi kubeba kila mtoto. Tunataka Saarbrücken yetu: filamu za kwanza, Kiswahili cha Kwale, cha Bukavu, cha Muscat, kila mtu na lafudhi yake, na majaji wanaosikia utani.

Msiniambie habari ya ukumbi. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Banda la mpira lina projekta, spika na viti vya plastiki, na Jumatatu hakuna mechi. Mwenye banda nimeshamuuliza. Anataka elfu mbili na mafuta ya jenereta. Rafiki yangu amesema tungoje kwanza jibu la Berlin.