Msitusingizie paswedi!

Tanga shwari, joto lile lile, upepo wa Raskazone ndo unatuokoa. Leo sina stori za bweni wala za mechi ya Mkwakwani. Nina hasira na nitazimwaga hapa hapa.

Kuna kasumba imeota mizizi vyuoni: imeli za chuo zikiingiliwa, kosa ni la mwanafunzi. Tangazo linabandikwa ubaoni kwa herufi kubwa: WANAFUNZI WAACHE PASWEDI DHAIFU. Nimelisoma kwa macho yangu, chuo sikitaji. Hakuna mstari hata mmoja unaosema ile programu ya barua pepe ilisasishwa lini mara ya mwisho. Mi nasema huo ni uonevu.

Paswedi ni kufuli tu, jamani. Unaweza kufunga mlango wako pale Ngamiani kwa Solex mpya na komeo juu yake, lakini kama fundi aliacha tundu ukutani, mwizi atagusa kufuli la nini? Programu za barua pepe zinazofunguliwa kwa intaneti zina historia ndefu ya matundu ya namna hiyo. Seva inadanganywa iamini kwamba mgeni ameshajitambulisha, kumbe hajaulizwa kitu. Hapo paswedi yako iwe na herufi 4 au 40, ngoma droo. Hata ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu haikusaidii, maana mwizi hakupita mahali inapoulizwa.

Mnataka ushahidi? Haya.

Agosti 1999 iligundulika kwamba mtu yeyote anaweza kuingia kwenye akaunti yoyote ya Hotmail akijua jina la mtumiaji tu. Microsoft ikalazimika kuizima huduma kwa muda ili izibe. Mamilioni ya watu, na hakuna hata mmoja aliyekosea kuchagua paswedi.

Machi 2, 2021 Microsoft hao hao wakatoa viraka vya dharura vya seva za Exchange. Tundu lililopewa jina la ProxyLogon lilimruhusu mtu wa nje kutuma ombi lililochezewa, na seva yenyewe ikalipeleka ndani kwa mamlaka yake. Ni kama umpe tarishi barua yako, aingie nayo kwa mkurugenzi akisema imetoka ofisini. Siku chache baadaye kampuni ya ESET ikasema imeona milango ya wizi kwenye seva zaidi ya 5,000, katika nchi zaidi ya 115.

Ya Zimbra ya 2022 ndo inachekesha na kuliza. Programu ilikuwa inakagua kama mgeni ana ruhusa. Ikiona hana, inaandika ujumbe wa kosa, halafu inaendelea na kazi aliyoitaka! Waliosahau ni waandishi wa programu: amri moja tu ya kusimama. Mlinzi anakwambia "huruhusiwi," huku anakufungulia geti. Agosti mwaka huo kampuni ya Volexity ikahesabu seva zaidi ya 1,000 zilizokwisha kuingiliwa. Na Zimbra ina toleo la bure, ndo maana taasisi zenye mifuko myepesi zinaipenda.

Sasa niambieni, katika hayo matatu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kakosea wapi?

Najua utetezi wake. "Hatuna bajeti." Bajeti gani? Kiraka cha Zimbra hakikuuzwa. Kinachotakiwa ni mtu mmoja anayesoma matangazo ya watengenezaji na kukaa usiku mmoja kuweka kiraka. "Basi tuhamie Gmail." Sipingi, chuo kisichoweza kutunza seva yake kihame tu, na kweli huduma ya Exchange ya mtandaoni inayoendeshwa na Microsoft haikuguswa na tundu la 2021. Ila Hotmail inatuonyesha kwamba hata wakubwa wanatobolewa. Tofauti ni kwamba mkubwa akiziba, kaziba kwa wote siku ile ile. Seva ya chuo inasubiri mpaka mtu akumbuke.

Na msidhani ni suala la utani wa kutumiana mizaha. Imeli ndo ufunguo wa funguo zote. Ukisahau paswedi ya akaunti ya mkopo, ya matokeo, ya maombi ya field, maelekezo ya kubadilisha yanakuja kwenye imeli. Anayeingia humo anaweza kukufungia nje ya maisha yako yote ya chuo, na bumu likachelewa huku wewe unaambiwa ulikuwa mzembe.

Kwa hiyo madai yangu ni matatu. Kwanza, kiraka cha usalama kiwekwe ndani ya siku chache, sio muhula ujao. Pili, baada ya kiraka seva ikaguliwe, maana kuziba tundu hakumtoi mwizi aliyekwisha kuingia na kuchonga mlango wake. Tatu, wenye akaunti tuambiwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayekusanya taarifa zetu azilinde. Kuzilinda sio kubandika karatasi ubaoni.

Na nyie wajuaji wa kompyuta, msijaribu matundu haya kwenye seva ya mtu eti kuthibitisha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haijui "nilikuwa najaribu tu." Andikeni barua, pitisheni kwa CR, ulizeni swali moja: programu yetu ni toleo gani, na ilisasishwa lini?

Wasipokuwa na jibu, mwenye uzembe tumempata. Nawasilisha.