Watalii wa meli wasiishie kupiga picha



Nataka kutoa maoni yangu juu ya meli za kitalii zinazotia nanga kwenye miji yetu midogo ya pwani kama Kilwa.

Huenda wasomaji wakauliza, mwalimu wa kijijini mkoani Songwe ana habari gani na meli? Sisi wa mpakani tunawajua wapita njia. Dereva wa lori anayesubiri kuvuka Tunduma hula kwa mama ntilie, hulala nyumba ya wageni, na sabuni hununua dukani. Fedha yake hubaki mjini. Mtalii wa meli sivyo. Kitanda na chakula chake vimo melini, navyo amekwisha vilipia huko kwao. Hushuka kwa saa chache, hupiga picha, kisha meli hung'oa nanga.

Jambo hili si la pwani peke yake. Tangu mwaka 1993 treni ya kitalii ya Rovos Rail ya Afrika Kusini imepita Tunduma mara nyingi kwa reli ya TAZARA ikienda Dar es Salaam. Nayo ni hoteli inayotembea.

Sisemi meli zizuiwe. Nasema mji mdogo hauwezi kushindana na meli kwa vitanda. Uuze kile ambacho meli haiwezi kukibeba. Kilwa Kisiwani inacho: Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, na historia ya mji aliofika Ibn Battuta mwaka 1331. Magofu hayo na yale ya Songo Mnara yaliandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya yaliyo hatarini, na baada ya kazi ya ukarabati yakaondolewa humo mwaka 2014. Urithi uliookolewa kwa jasho hivyo haufai kutazamwa bila wenyeji kufaidika.

Kwa hiyo nashauri hivi. Kwanza, anayewaeleza wageni historia awe mwenyeji aliyefundishwa na anayelipwa, si mtu aliyeshuka nao melini. Pili, siku ya meli kufika itangazwe mapema vijijini, ili wenye mashua, wasusi wa mikeka na wapishi wajiandae. Tatu, sehemu ya viingilio irudi kijijini, na hesabu yake isomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Nne, watoto wasiache masomo kwenda ufukweni kuomba peremende na fedha. Mtoto akizoea kupata shilingi kwa kunyoosha mkono, sisi walimu tutapata kazi ngumu kumrudisha kwenye daftari.

Haya yakifanyika Kilwa, hata sisi wenye Kimondo cha Mbozi, jiwe la tani zipatazo 16 lililotoka angani, tutakuwa na mfano wa kuiga.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Wahusika wakawaulize wenyeji kama wamepona.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mbozi, Songwe.