Kabla ya Kulinganisha Kamera, Mwone Mtu

  

Leo nasema na vijana wa kamera. Ninyi mnaosimama kando ya madhabahu Jumapili, mnaopiga picha za harusi Jumamosi na za mazishi katikati ya wiki. Wengine msikilize pia, kwa maana siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha.

Nimesoma mnayoandikiana kwenye kikundi. Mmoja anaweka picha ya kwaya, na kabla mtu hajasema wimbo ulimbariki, swali linakuja: umetumia kamera gani? Huyu ni wa Sony, yule ni wa Canon, mwingine anatetea Nikon kama anayetetea ukoo wake. Mnakuza picha mpaka nyusi za mwimbaji zihesabike, mnabishana nani ana lenzi kali. Na sasa ombi limenifikia: tufanye harambee tununue kamera mpya, zile zisizo na kioo, ambazo ninyi huziita mirolesi, pamoja na lenzi mbili. Hesabu yake inapita shilingi laki mbili kwa mbali.

Jibu langu naliweka hapa wazi ili mtu asilisikie kwa kunong'onezwa. Harambee hiyo isubiri. Na nitawaeleza kwa nini, maana kijana akinyimwa kitu bila sababu huondoka na uchungu.

Kwanza, kazi yenu naiheshimu. Kitabu cha Kutoka sura ya 31 kinatuonyesha Mungu akimjaza Bezaleli Roho wake ili afanye kazi ya mikono: dhahabu, mawe, mbao. Fundi anaweza kujazwa Roho kama mhubiri anavyojazwa. Mpiga picha naye ni fundi.

Pili, nimechukua muda kuelewa mnachokitaka. Kamera ya zamani ina kioo ndani yake, kinachorusha mwanga juu ili jicho lako lione. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu na ule mlio unasikika. Kamera mpya hazina kioo hicho. Mwanga unaingia moja kwa moja kwenye kihisi, na unaona kwenye skrini ndogo jinsi picha itakavyotoka. Panasonic ilitoa Lumix G1 mwaka 2008, Sony ikaleta a7 yenye kihisi kikubwa mwaka 2013, na mwaka 2018 Canon na Nikon zikaingia uwanja huo wa kihisi kikubwa na EOS R na familia ya Z. Faida yake si porojo. Nyingi hulitafuta jicho la mtu zenyewe na kulishikilia hata akitembea. Nyingi hupiga bila mlio wowote, jambo jema kanisani watu wakiwa katika maombi. Lakini pia hula betri haraka, na ninyi mnajua stima yetu inavyopotea mvua ikianza.

Sasa tuulizane: shida ya picha zetu ni kamera? Kanisa letu ni la mabati, madirisha ni madogo, na mvua ya alasiri ikitanda ndani panakuwa giza. Lenzi iliyokuja na kamera yetu, ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake hufunguka kufikia 5.6 tu. Lenzi ndogo ya 50mm yenye tundu la 1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya hapo. Mara kumi! Na hiyo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kuliko zote, hata iliyotumika hupatikana. Siku tutakaponunua kamera mpya, Canon na Nikon wote wana adapta za kuunganisha lenzi za zamani. Ulizeni tu mapema kama lenzi hiyo itaendelea kujitafutia shabaha.

Kuna shida nyingine ambayo pesa haiponyi. Mhubiri anasimama mbele ya dirisha, kamera inapima mwanga wa dirisha, uso wake unatoka kama kivuli. Watu wetu ni weusi, na Mungu alitupaka rangi hiyo kwa mapenzi yake. Pima mwanga usoni pa mtu, usipime ukutani. Sogea hatua tatu upate pembe nyingine. Nenda Tabaka ukawaone wachongaji wa mawe ya sabuni: mtu ana panga, kisu, msasa na ndoo ya maji, na kazi yake inavuka bahari. Hajangoja kisu kipya ndipo ajifunze kuchonga.

Tena, picha hizo mwisho wake ni wapi? Mnazituma WhatsApp, nayo inazibana, kisha mtu anaziangalia kwenye simu yenye skrini iliyopasuka. Ule ukali mliobishania usiku kucha umebaki njiani. Katika Luka 14:28 Yesu anazungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akapiga hesabu. Nami nawaambia waliofungua biashara ya picha: usichukue mkopo wa simu ununue kamera ambayo harusi zako za mwaka mzima haziwezi kuilipa. Deni halijui kama lenzi yako ni kali.

Hayo ni ya mfuko. Lililonisukuma kuandika ni zito kuliko hayo.

Mama mmoja alinijia, wa kanisa lingine, silitaji. Alikuwa amekwenda mbele kuombewa kwa jambo la nyumbani kwake ambalo hakuwa amemwambia mtu. Akalia kama mtu anayelia mbele za Mungu wake, bila kujizuia, kitambaa kimeanguka. Kijana wa kamera alikuwa hatua mbili kutoka hapo. Jioni picha ilikuwa mtandaoni. Ilikuwa nzuri, nasema kweli: chozi linaonekana shavuni, nyuma pamefifia vizuri. Chini yake wapiga picha wenzake wakaanza kuandika. Umetumia lenzi gani? Hiyo ni ya 85? Ukali huo ni wa Sony tu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mama huyu analia nini. Jumatatu alipofika sokoni na ndizi zake, wenzake walikuwa wameiona. Akaniambia, "Mchungaji, nilikuwa naongea na Mungu, nikakuta kijiji kizima kimesikiliza." Tangu siku hiyo haendi mbele tena kuombewa.

Fikirieni hapo. Kamera ililipata jicho lake, ikalishikilia, ikaling'arisha. Mtu mwenyewe hakuonekana.

Katika Luka 7, mwanamke analia miguuni pa Yesu nyumbani kwa Simoni Mfarisayo. Simoni anamtazama na kumhesabia dhambi zake. Yesu anamgeukia yule mwanamke, kisha anamuuliza Simoni kama kweli anamwona. Simoni alikuwa ameketi karibu kabisa, na bado hakumwona. Na katika Marko 7:33, Yesu analetewa mtu kiziwi. Kabla ya kumgusa, anamtoa katikati ya umati na kwenda naye kando. Bwana aliyeweza kuponya mbele ya maelfu alichagua kumlinda mtu huyo na macho ya watu. Kama yeye alifanya hivyo, sisi ni nani wa kumsogezea mtu lenzi puani anapovunjika?

Najua kuna atakayeniuliza: Mchungaji, kwani picha za mateso hazijawahi kusaidia? Zimesaidia, na mfano mkubwa ni wa hapa kwetu Kenya. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alikwenda Korem kaskazini mwa Ethiopia Oktoba 1984 akarekodi watu wakifa kwa njaa. BBC ilionyesha kazi hiyo tarehe 23 mwezi huo, na dunia iliyokuwa imelala ikaamka. Chakula na pesa vikaanza kutumwa, na mwaka uliofuata likaja tamasha la Live Aid. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto, naye akarudi kazini na mkono wa bandia. Leo ni wachache sana wanaoweza kukutajia kamera aliyobeba Korem, lakini watu wale bado wanakumbukwa.

Basi pima kwa kipimo hicho. Watu wa Korem walikuwa wanakufa bila dunia kujua, na picha iliwaletea mkate. Chozi la mama yule madhabahuni lilimletea nani mkate? Kama picha inamsaidia aliye ndani yake, na ungeweza kumwonyesha yeye mwenyewe bila aibu, ipige. Kama inakusaidia wewe tu kupata sifa, shusha kamera. Hata tunapogawa unga kwa wajane: Mathayo 6 inatuonya tusitangaze sadaka zetu kwa tarumbeta. Kamera ndiyo tarumbeta ya siku hizi.

Na kwa asiyesikia Neno, asikie sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kutoa picha za watoto bila idhini ya wazazi, na mahali pamoja pa burudani shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake. Ikiwa serikali inajua kwamba uso wa mtu ni mali yake, kanisa lisijue?

Kwa hiyo, kuanzia Jumapili hii, kwetu Nyakoe itakuwa hivi:

1. Wakati wa kuombewa, kamera zote chini, na simu pia. Ushuhuda upigwe picha mtu akiwa amesimama, ametulia, na amekubali.

2. Hakuna picha ya mtoto itakayowekwa mtandaoni kabla mzazi hajasema ndiyo.

3. Wanaopokea msaada hawapigwi picha wakiupokea.

4. Anayeomba picha yake itolewe, itolewe siku hiyo hiyo bila kuulizwa maswali.

5. Tutanunua ile lenzi ya 50mm, na sanduku lisilopitisha hewa la kuhifadhia lenzi, maana unyevu wa huku huotesha ukungu ndani ya kioo. Baada ya mwaka mmoja tukae tena. Kazi ikiwa imeizidi kamera tuliyo nayo, nitakuwa wa kwanza kutoa katika harambee hiyo.

Nawapa na zoezi. Juma hili kila mmoja apige picha moja ya mzee au mama wa kanisa hili, kwa ruhusa yake, akiwa nyumbani kwake. Kaa naye kwanza, unywe chai, umsikilize. Kisha umpelekee picha hiyo ikiwa imechapishwa kwenye karatasi. Wako kina mama hapa wenye umri wa miaka 80 ambao picha yao pekee ni ile ya kitambulisho. Siku wakilala, familia huikuza hiyo hiyo mpaka uso unakuwa madoadoa. Mkifika kwenye kikundi msiniambie mlitumia kamera gani. Niambieni jina la mama, na alichowasimulia.

Hagari alipokuwa jangwani peke yake, katika Mwanzo 16, alimpa Mungu jina kwa sababu alijua ameonwa. Kuna watu Nyakoe wanaosubiri kuonwa hivyo, na Mungu anaweza kutumia jicho lako.

Tuombe. Baba, asante kwa vijana hawa na kwa vipawa ulivyowapa. Wafundishe kuona kama unavyoona. Waokoe na mashindano na madeni. Mponye mama yule, umrudishie ujasiri wa kuja mbele zako. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama umepokea, andika Amina, kisha umtumie kijana mmoja wa kamera unayemjua.