TAHARIRI: Gemu za soka si midoli, wazazi wafumbue macho

Mzazi wa kibongo akisikia neno gemu, akili inaenda moja kwa moja kwenye midoli. Kitu cha kumtuliza mtoto, basi. Ndiyo maana kibanda cha PlayStation mtaani kinaonekana cha madogo watukutu tu, na hakuna mkubwa anayejisumbua kuchungulia kinachoendelea ndani.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Mdoli ukishanunuliwa umenunuliwa, haudai hela tena. Gemu za soka hazipo hivyo. Chukua EA Sports FC, ambayo hadi 2023 ilikuwa ikitoka kwa jina la FIFA. Ndani yake kuna Ultimate Team, ambako mtu analipa pesa halisi kufungua pakiti bila kujua kama ataangukia kwa Mbappe au kwa beki wa benchi. Kama siyo kamari, basi ni binamu yake. Ubelgiji walilishtukia hilo mapema. Mwaka 2018 mamlaka yao ya kamari ilisema pakiti hizo zinavunja sheria, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza pointi za kuzinunulia nchini humo.

Huku kwetu wengi hawafiki kwenye pakiti, lakini vibandani kuna mtindo wa anayefungwa ndiye analipa. Dogo wa darasa la tano anaweka rehani hela ya chai, na mechi ikiisha anataka kurudishia. Kwenye mashine hiyohiyo kuna GTA V, gemu ambayo Ulaya imewekewa alama ya miaka 18.

Hii haina maana vibanda vifungwe au watoto wachapwe. Gemu ina heshima yake. Michezo ya Asia ya Hangzhou, iliyofanyika 2023, iligawa medali za gemu, soka likiwemo. Ligi Kuu England nayo ina mashindano yake ya gemu tangu msimu wa 2018/19. Kuna vijana wanaoweza kula kupitia pedi.

Lakini kipaji hakikui gizani. Serikali za mitaa ziweke utaratibu: muda wa masomo mtoto asiwemo kibandani, gemu za wakubwa zibaki kwa wakubwa, na anayefungwa alipe sawa na aliyefunga. Mzazi naye aingie, akae, aangalie hata mechi moja. Mwanaye akienda uwanjani huwa anauliza anacheza na nani. Kibandani vipi?