KABATI HALIIMBI

Katika Latvia, nchi ndogo iliyo kando ya Bahari ya Baltiki, limo kabati mashuhuri. Lilitengenezwa mwaka 1880 kwa ajili ya mwanachuoni Krišjānis Barons, naye akapanga ndani yake vikaratasi vilivyoandikwa tungo za nyimbo za wananchi wa kawaida. Tungo hizo zinapita 217,000. Mwaka 2001 Unesco ililiingiza kabati hilo katika orodha ya kumbukumbu za dunia, na wenyewe wana haki ya kujivunia.

Hata hivyo, kabati haliimbi. Hayo wanayajua vyema Wasuiti, jamii ndogo ya Wakatoliki wanaoishi magharibi ya nchi hiyo, pande za Alsunga, Gudenieki na Jūrkalne, wakizungukwa na majirani wa Kilutheri. Kina mama wa Kisuiti wana uimbaji wao: mmoja huongoza, na wenziwe hushika chini yake sauti moja ndefu isiyokatika. Harusini hutupiana vijembe vya papo kwa papo. Hujitanda shuka za sufu zilizobanwa kifuani kwa bizimu kubwa, na ufumaji ni sehemu ya urithi huo huo.

Chini ya utawala wa Kisovieti dini ilibanwa, na mila zilizofungamana nayo zikadhoofika. Uhuru uliporejea mwaka 1991, ilidhihirika kuwa waliobaki na elimu hiyo ni wachache, na wengi wao wazee. Ndipo mwaka 2009 Unesco ikawaingiza Wasuiti katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Mwaka huo huo, katika orodha hiyo hiyo, ziliingia mila za Kaya za Wamijikenda wa pwani ya Kenya, jirani zetu. Ifahamike kwamba orodha hiyo si nishani. Ni mbiu ya mgambo, na ikilia kuna jambo.

Sisi wa Unguja na Pemba tunalo la kujifunza hapo. Ngoma zetu huitwa pale mgeni mkubwa anapowasili. Wachezaji husimama juani saa nyingi, hupewa nauli, kisha husahauliwa hadi mgeni mwingine. Fundi wa kofia na msusi wa mikeka ya ukili husifiwa katika hotuba, na ofisi ile ile iliyomsifu ikanunua bidhaa za plastiki kutoka ng'ambo. Huko si kuenzi utamaduni, ni kuutumia.

Tunakubali kwamba kurekodi na kuandika ni kazi ya lazima, na wanaoifanya wanastahili shukrani. Lakini utamaduni hurithishwa na mtu kwa mtu. Mtoto hajifunzi kusuka kwa kutazama picha ya mkeka, wala kupiga ngoma kwa kusoma jina lake.

Kwa hiyo tunawanasihi viongozi wanaohusika waanze na jambo lililo ndani ya uwezo wao: wazee wenye ujuzi waingizwe madarasani katika skuli zetu, kwa saa zilizopangwa na kwa malipo ya halali kama mwalimu yeyote. Na wazazi nao wasiwazuie watoto wao kwa kudhani kuwa ni mchezo. Wazee hao hawatungoji.